Kuchagua Kamera ya Kwanza

Mwenye macho haambiwi tazama, walakini mwenye kununua kamera hana budi kuambiwa mambo mengi, maana macho yake ndiyo yatakayomdanganya kwanza. Kamera ni chombo kinachojua kujipamba. Ikiwekwa dirishani mwa duka, juu ya kitambaa cheusi na chini ya taa nyeupe, kila kamera huonekana kama ndiyo iliyokuwa ikikungojea wewe. Tajiri akikosea katika uchaguzi wake hununua nyingine mwezi ujao, na habari ikaisha. Mtu mwenye fedha kidogo hana mwezi ujao. Akikosea, atakaa na kosa lake miaka mitano, tena litakuwa mkononi mwake kila siku. Kwa sababu hiyo maskini hupaswa kujua habari za kamera zaidi ya tajiri. Nataka kueleza jinsi chombo hiki kilivyochaguliwa katika shule yetu, kwa kazi ya kupiga picha za video, na kwa fedha ambazo hazikuwa zangu.

Shule yetu ipo Kiamaiko, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, jirani na Huruma na Kariobangi. Mgeni asiyeujua mtaa huu kwa jina huujua kwa harufu. Kiamaiko ni mtaa wa mbuzi. Malori huingia kabla ya mapambazuko yakiwa yamebeba mbuzi na kondoo kutoka Isiolo, Marsabit, Moyale na Samburu. Na jua likipanda kidogo, wanyama wengi wamekwisha kuwa nyama, na nyama imekwisha kuanza safari ya kwenda katika hoteli na mabucha ya jiji. Wengi wa wafanyabiashara wa mbuzi hapa ni Waborana, na pamoja nao wako watu wa makabila mengine mengi, kila mtu na sehemu yake: huyu achinja, huyu achuna, huyu aosha matumbo, huyu akusanya ngozi, na yule, jioni ikifika, achoma mutura kando ya njia. Nimefundisha hapa miaka minane, na bado sijaona mahali ambapo mnyama mmoja hulisha watu wengi kiasi hiki.

Chama cha maigizo cha shule kilitaka kutengeneza filamu ya dakika kumi juu ya njia ya mbuzi mmoja, toka lori mpaka sahani, na kuipeleka katika mashindano ya shule. Walikuwa na shilingi 32,000. Fedha hizi hazikutoka kwa mfadhili. Wanafunzi walichanga shilingi kumi kumi kwa mihula miwili, wakaonyesha mchezo wa kuigiza siku ya wazazi na kutoza kiingilio, na wazazi wakaongeza walichokuwa nacho. Mama mmoja auzaye supu ya vichwa karibu na machinjio alinipa shilingi mia mbili, noti zimekunjwa mara nne, kisha akauliza, “Mwalimu, katika hiyo sinema yenu mimi nitasikika, au nitaonekana tu?”

Sikulielewa swali lake mara moja, naye akanifafanulia. Alisema kwamba wageni wenye kamera kubwa wamekwisha kupita mbele ya sufuria yake zaidi ya mara moja. Wakapiga picha ya mvuke, wakapiga picha ya mikono yake, wakapiga picha ya mfereji wa maji machafu, wakaenda zao. Baadaye kijana wake alimwonyesha picha moja ya namna hiyo katika simu. Mikono ilikuwa yake, lakini sauti iliyosikika juu ya mikono ile ilikuwa ya mtu mwingine, ikieleza maisha yake kwa lugha asiyoijua. Baada ya maneno hayo zile shilingi mia mbili zilikuwa nzito mfukoni mwangu kuliko fedha nyingine zote zilizochangwa.

Tulipokutana kushauriana, chama kiligawanyika. Kijana mmoja hodari wa hesabu, ambaye alikuwa ameiona filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, alitaka kamera ya 4K na si nyingine yoyote. Alisema picha isiyokuwa ya 4K ni picha ya zamani. Nilimwomba atupigie hesabu ubaoni, naye akaifanya vizuri. Picha ya kawaida ya video huwa na nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta zaidi kidogo ya milioni mbili. Ile ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni nane. Ni mara nne kamili. Kisha nikamwuliza: kompyuta zetu za shule, ambazo hufikiri kwa dakika nzima kabla ya kufungua barua moja, zitabeba mara nne ya mzigo huo? Na ukuta tutakaoonyeshea filamu, uliopakwa chokaa mwaka juzi, utaonyesha nukta milioni nane? Akacheka, akafuta ubao. Isitoshe, kisa cha filamu aliyoipenda ni cha kijiji kinachojitengenezea sinema kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na sikumbuki mtazamaji yeyote aliyetoka pale akihesabu nukta.

Msichana mmoja alisema tusinunue kamera kabisa. Simu za siku hizi hupiga video nzuri. Kwa nini tusitumie simu ya mmoja wetu na kuzihifadhi fedha? Hoja yake ilikuwa na nguvu, na wewe msomaji ambaye una simu nzuri na huna fedha nyingine, nakushauri uishike hoja hiyo. Simu iliyo mkononi ni bora kuliko kamera iliyo dukani. Hapana aibu katika kuanza na simu, na mtu aliyejifunza kuituliza simu, kuchagua upande wa jua na kumkaribia anayesema, amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Lakini tulikuwa na sababu zetu za kusita. Kwanza, wanafunzi hawaruhusiwi kuleta simu shuleni. Pili, simu huwa ya mtu mmoja. Hulia katikati ya kazi kwa sababu shangazi anapiga. Hujaa picha za harusi. Jioni hurudi nyumbani pamoja na mwenyewe. Tena nilikuwa nimekwisha kuona jambo fulani katika mazoezi yetu: mwenye simu ndiye aliyekuwa akiamua nani asimame wapi, si kwa sababu ya akili yake, bali kwa sababu ya simu yake. Kamera ya chama ingekuwa ya wote, hata ya yule mtoto ambaye kwao hakuna simu ila ile ndogo ya vibonye. Msichana yule alikubali, ila aliomba tuifanyie majaribio simu kabla ya kuiacha, ili tujue tunakimbia nini. Ombi hilo lilituokoa.

Siku ya Jumamosi tuliazima simu ya mwalimu mwenzangu, tukaenda sokoni saa moja ya asubuhi. Tuliomba ruhusa kwanza kwa wazee wa soko. Watu wa machinjio hawapendi kamera, na wana haki; mara nyingi kamera huja na maneno mabaya nyuma yake. Mzee mmoja alituambia, “Wanangu, pigeni mbuzi, msipige mtu asiyetaka,” na tukaishika amri hiyo. Tulimwomba yule mama wa supu aseme habari za kazi yake huku tumesimama hatua nne mbele yake. Alisema vizuri sana kwa dakika tano. Tuliporudi darasani na kuitazama kazi yetu, picha ilikuwa ya kupendeza: mvuke, jua, kitambaa chake cha kichwa. Sauti yake haikuwako. Walikuwako mbuzi, palikuwako shoka juu ya gogo, palikuwako pikipiki na honi za matatu, na mbali sana, kama mtu asemaye ndani ya kisima, alikuwako mama wa supu.

Wanafunzi walidhani simu ni mbovu. Simu haikuwa mbovu. Sauti hutawanyika kama mwanga wa taa: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu yake hupungua mpaka robo, ukiongeza mara nne, hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Sikio la mwanadamu husaidiwa na akili. Likitaka kumsikia mtu mmoja sokoni, huwafukuza mbuzi wote. Kipaza sauti hakina akili. Hupokea chote kinachokifikia, na kilicho karibu zaidi ndicho hushinda. Kwa hiyo anayetaka kumrekodi mtu Kiamaiko hana budi kukipeleka kipaza sauti mpaka kifuani pa msemaji, hata kama kamera yenyewe imesimama mbali. Tangu siku ile sharti la kwanza la kamera yetu lilijulikana: iwe na tundu la kuchomekea kipaza sauti cha nje.

Jambo hili la picha kuwa nzuri na sauti kuwa haba lina historia ndefu katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mambo mengine. Mradi ule ulilipiwa na fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, na ulitengeneza filamu zipatazo 35. Fedha hazikuwa nyingi kwa kazi kubwa kama hiyo. Kwa hiyo wenye mradi walitumia mkanda mwembamba wa milimita 16, na sauti hawakuitia katika mkanda bali waliirekodi kando katika sahani za santuri. Njia hiyo ilikuwa rahisi, na iliwezesha picha zile zile kupewa maelezo ya lugha mbalimbali. Nawasifu kwa werevu wao wa kubana matumizi. Walakini tazama matokeo yake: mkulima alionekana akilima, na maneno yalitoka katika sahani, mbali na kinywa chake. Miaka karibu tisini imepita, na mama wa supu wa Kiamaiko analalamikia jambo lile lile.

Baada ya sauti lilikuja jambo la mwanga. Sehemu moja ya filamu yetu ilikuwa ndani ya bucha, chumba kisicho na dirisha, chenye taa mbili za mrija. Katika simu ile tuliyoazima, chumba kilionekana kikipepesa, na mistari myeusi ikipanda na kushuka ukutani kama mawimbi. Umeme wa Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na taa za namna ile huwaka na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo hiyo. Jicho halioni, lakini kamera inayopokea mwanga kwa muda usiolingana na mwendo huo huona. Dawa yake ni kamera inayomruhusu mtu achague mwenyewe: picha 25 kwa sekunde, na kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Tena chumba chenye giza kinataka kamera yenye kipokezi kikubwa cha mwanga, kama vile mvua kidogo inavyotaka beseni pana. Hayo yalikuwa masharti yetu ya pili na ya tatu, na mbele yake sikutaka sharti jingine, maana orodha ikirefuka fedha hukimbia.

Basi tulikwenda mjini, wanafunzi wawili na mimi, katika maduka ya Luthuli Avenue na njia zinazoizunguka, ambako vitu vya umeme huuzwa mlango kwa mlango. Kamera mpya zenye sifa tulizozitaka zilikuwa juu ya uwezo wetu, nasi hatukukaa mbele yake. Tulikwenda kwenye kamera za mtumba.

Hapa yafaa nieleze kwa nini kamera za mtumba zimejaa, na kwa nini baadhi yake ni nzuri. Mpaka mwaka 2008 kamera kubwa za picha, zile zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, hazikuwa zikipiga video. Mwaka huo Nikon walitoa D90, na Canon wakatoa 5D Mark II, na kwa ghafula chombo cha mpiga picha za harusi kikawa pia chombo cha mtengeneza sinema. Kamera za namna hiyo ziliuzwa kwa wingi katika miaka iliyofuata. Baadaye ukaja mtindo mpya wa kamera zisizo na kioo, wenye fedha wakahamia huko, na zile za kwanza zikashuka bei. Hazikushuka kwa sababu zimeacha kufanya kazi. Zimeshuka kama nguo zinavyoshuka Gikomba: mwenyewe wa kwanza amechoka nazo, kitambaa hakijachoka.

Muuzaji mmoja alituwekea mezani kamera mbili za Canon, zilizotangazwa mwezi mmoja, Februari 2011. Moja ilikuwa 1100D, ya pili 600D. Kwa mtu anayepita njiani ni mapacha: rangi moja, umbo karibu moja, lenzi ya namna moja. Ya kwanza ilikuwa rahisi kwa shilingi elfu saba, na muuzaji aliisifu kwa moyo wote. “Mwalimu,” alisema, “hii ni ile ile, tofauti ni namba tu.” Kijana wetu wa hesabu hakujibu. Aliichukua kamera ya rahisi, akafungua kifuniko cha mpira cha ubavuni, akatafuta. Tundu la kipaza sauti halikuwamo. Akaifungua ya pili, likawamo. Kadhalika ile ya rahisi haipigi video ya nukta 1,920, hukomea 1,280 kwa 720, na kioo chake cha nyuma hakigeuki. Ya pili hupiga picha 25 kwa sekunde kwa ukubwa tuliotaka, humwachia mtu achague mwanga na kiwango cha sauti kwa mkono, na kipokezi chake kina upana wa milimita 22 na zaidi, wakati kile cha simu tuliyoazima ni cha milimita chache tu. Namba ndiyo iliyokuwa tofauti, kweli, lakini namba ile ilibeba sauti ya mama.

Sitaki msomaji adhani kwamba 600D ni kamera isiyo na ila. Haiwezi kumfuata mtu anayetembea na kumweka wazi yenyewe. Mpigaji hana budi kuizungusha lenzi kwa vidole, na ustadi huo huchukua majuma. Haina tundu la kusikilizia, hivyo huwezi kujua sauti inavyoingia mpaka uirudie baada ya kurekodi. Tena kila kipande cha video hukoma baada ya dakika zipatazo 12, kwa sababu faili moja haiwezi kupita gigabaiti nne. Tulizipima ila hizo mbele ya kazi yetu. Filamu yetu yote ni dakika kumi. Watu wetu husimama mahali pamoja wakisema. Na vidole vya vijana hujifunza upesi. Mtu mwingine, mwenye kazi ya kurekodi mahubiri ya saa mbili au mpira wa miguu, angetenda vema kuiacha kamera hiyo na kutafuta nyingine.

Chombo cha mtumba hukaguliwa kama mbuzi wa sokoni: hununuliwi sifa, hununuliwi rangi, unafungua mdomo na kuhesabu meno. Tuliielekeza lenzi kwenye mwanga wa mlango tukachungulia ndani yake, kutafuta utando mdogo kama wa buibui, ambao ni kuvu. Kuvu hupenda kamera zilizokaa mahali penye unyevu, na kukisafisha kioo cha ndani hugharimu kuliko lenzi yenyewe. Tulipiga picha ya ukuta mweupe, kisha tukafunika lenzi tukapiga picha ya giza, ili vidoa vya kipokezi vijitokeze katika moja au katika nyingine. Tulitazama betri kama imevimba. Tulichomeka kipaza sauti cha muuzaji, tukakigonga kwa kucha, tukarudia kusikiliza. Kisha tuliomba jambo lililomchosha muuzaji kabisa: tuliiacha kamera irekodi dakika kumi bila kukatika, juu ya meza yake, huku yeye akitutazama na wateja wengine wakipita. Mwisho tuliomba risiti yenye namba ya kamera, jina la duka na sahihi. Muuzaji mwingine kabla yake alikuwa amekataa kuandika risiti ya namna hiyo, nasi tukamwaga kwa heshima. Kitu kisicho na risiti huenda kina mwenyewe anayekililia mahali fulani.

Bei ilianza 26,000. Sitaeleza mazungumzo yote, kwa kuwa yalichukua zaidi ya saa nzima na chai mara mbili. Iliishia 21,000, pamoja na lenzi ya kawaida ya 18 mpaka 55. Hapo ndipo wengi husimama. Huona kwamba fedha zimebaki, wakaongeza lenzi ya pili au wakapanda kamera ya juu zaidi mpaka mfuko ukauke. Kisha hurudi nyumbani na chombo kizuri kisicho na mguu wa kusimamia, kisicho na kadi ya kutosha, wala sauti. Sisi tulikuwa tumekwisha kuzigawa fedha ubaoni kabla ya kutoka Kiamaiko. Kipaza sauti cha kubana nguoni chenye waya mrefu kilichukua 3,500. Stendi ya miguu mitatu ilichukua 2,500. Si imara sana, lakini tunaining'inizia mfuko wa mchanga katikati nayo hutulia. Betri ya pili 1,500. Kadi ya gigabaiti 64, yenye kubeba saa tatu za video za kamera hii, 1,200. Zikabaki 2,300 kwa nauli, na kwa chakula cha siku za kazi. Mmoja wa wanafunzi aliuliza kwa nini tutoe 3,500 kununua kipaza sauti ilhali kamera inacho kingine ndani yake. Msichana aliyetaka simu ndiye aliyemjibu: “Hicho cha ndani kinawasikia mbuzi.”

Katika siku za kungojea ruhusa ya kuanza kazi, niliwasimulia habari za mtu aliyezaliwa karibu nasi. Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, ng'ambo ya Barabara ya Juja, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza, alipokuwa mtoto wa shule, ilikuwa Box Brownie ya mtumba. Box Brownie ni sanduku tu. Ilipoanza kuuzwa na Kodak mwaka 1900, bei yake ilikuwa dola moja ya Marekani, na hakuna mengi ya kurekebisha ndani yake. Mwenye kamera ya namna hiyo hawezi kuisogeza picha, hana budi kujisogeza mwenyewe. Nadhani sanduku lile lilimfundisha miguu kabla ya kumfundisha mikono. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini, alianzisha Camerapix huko Dar es Salaam. Mwaka 1984 alipiga video ya njaa ya Korem, Ethiopia, iliyoonyeshwa na BBC mwezi wa Oktoba ikaitikisa dunia, na michango ikamiminika kutoka kila upande. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Wanafunzi walinyamaza kwa muda mrefu, kisha mmoja akauliza sanduku lile lilikuwa na uzito gani.

Kamera hulala katika kabati ya ofisi ya mwalimu mkuu, ndani ya mfuko wa kawaida wa vitabu, maana mfuko wenye jina la kamera humwita mwizi kwa jina. Lipo daftari. Kila aichukuaye huandika jina, saa na hali ya betri, na zamu hufuata alfabeti, hata kwa wale wasiojua bado kuizungusha lenzi. Mwalimu mwenzangu aliona zamu hiyo ni hasara. Angependa kamera ishikwe na hodari wawili tu ili kazi iwe nzuri. Namheshimu, lakini shilingi kumi za mtoto asiyekuwa hodari zimo katika kamera ile sawasawa na za hodari.

Tulimrekodi mama wa supu siku ya Jumanne. Kipaza sauti kilibanwa ndani ya kanga yake, kamera ikasimama mbali kiasi kwamba wateja hawakuijali. Alisema alivyofika Kiamaiko, alivyojifunza kuchoma vichwa na kukwangua manyoya, bei ya kichwa kimoja ilivyokuwa na ilivyo sasa, na siku ambazo malori huchelewa kwa sababu ya mvua kule kaskazini na sufuria yake hukaa baridi. Katikati ya maneno alimgombeza kijana aliyetaka kuondoka bila kulipa, na hilo pia limo. Jioni alikuja shuleni akiwa na harufu ya moshi, akaketi katika kiti cha mwanafunzi, akasikiliza toka mwanzo mpaka mwisho pasipo kusema neno. Alitaka arudiwe mahali pamoja tu, pale alipomgombeza yule kijana.

Sasa kadi imejaa saa tatu, na filamu ni ya dakika kumi. Chama kimekuwa kikikata na kuunga kwa majuma mawili katika kompyuta moja inayoweza kazi hiyo, kwa programu isiyo ya kulipia. Ugomvi wa juma hili ni juu ya mbuzi mmoja mweupe aliyetoroka mbele ya kamera, akakimbia mpaka ndani ya kinyozi. Nusu ya chama wanasema hana uhusiano na kisa. Nusu nyingine wanasema yeye ndiye kisa chenyewe.